Probiotiki na virutubisho kwa utumbo unaovimba: kabla hujalipia "seti", pitia hapa

Mtu wa Dirishani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nauza dawa, dirisha langu liko maeneo ya Segerea, na swali linalonifuata sana siku hizi si la presha wala sukari. Mtu anafika, ananigeuzia simu, naona makopo manne yamepangwa kwa ukubwa: probiotiki (bakteria hai wa kumeza), omega-3, manjano, na moja la "kusafisha utumbo". Anauliza, "Hizi nikizichanganya, utumbo uliovimba utapoa?" Bei ya seti nzima inalipa kodi ya chumba Mbagala miezi kadhaa.

Kuchanganya si dhambi. Tatizo ni kwamba anayekuuzia mchanganyiko hakuulizi vitu vitatu: una ugonjwa gani, bakteria gani yuko ndani ya kopo, na dawa gani unameza tayari.

Tuanze na ugonjwa. Hapa mjini tumbo lina magonjwa matatu tu: vidonda vya tumbo, amiba na taifodi. Mtu akiharisha mara mbili anameza metronidazo, hali ikirudi anameza tena, zinanunuliwa kama karanga. Mwenye utumbo uliovimba kweli anaweza kuzungushwa humo mwaka mzima. Kuna kolaitisi ya vidonda, inayokaa kwenye utumbo mpana peke yake, ikianzia kule mwisho kwenye njia ya haja kubwa na kupanda juu. Kuna ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi chini, na wenyewe huchimba ukuta wa utumbo kwa kina. Halafu kuna IBS: tumbo linasokota, gesi, leo umefunga choo kesho unaharisha, ila kamera ikiingia haioni kidonda. Wengi wanaonionyesha picha ya seti, kwa maelezo yao, wanafanana na huyu wa mwisho.

Wapo na waigaji. TB ya utumbo inafanana na Crohn kiasi cha kumsumbua hata daktari mzoefu. Amiba inaleta damu na kamasi kama kolaitisi. Kichocho cha tumbo nacho, hasa kwa waliokulia kanda ya Ziwa. Hapo si mahali pa kubahatisha, maana mtu akianzishiwa prednisoloni, dawa inayoshusha kinga, kwa kudhaniwa ana kolaitisi kumbe ni amiba au TB, ugonjwa unapata uwanja. Kwa hiyo damu kwenye choo, kupungua uzito, homa za usiku, au kuamshwa usingizini na haja: hospitali yenye kamera, na kinyofolewe kipande cha utumbo kikapimwe. Seti baadaye.

Nipate chai, nakuja na sehemu ya bakteria.

nguli_wa_supu

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mkuu, supu ya utumbo inahesabika kuwa kirutubisho?

Mtu wa Dirishani

Nguli, supu ni supu, kunywa. Tuendelee.

Neno probiotiki linabeba viumbe wengi wasiofanana. Anayetaka kujua kama kopo lina maana asome jina la bakteria hadi mwisho. Lactobacillus rhamnosus peke yake haitoshi, maana kuna rhamnosus GG, waliyoitenga Gorbach na Goldin miaka ya 1980 (hizo G mbili ni majina yao), na kuna rhamnosus GR-1, ndugu yake mwenye tabia nyingine. Kopo lililoandikwa "bakteria wazuri bilioni 50" bila jina kamili halikuambii kitu, hata zingekuwa bilioni 500.

Kwenye kolaitisi ya vidonda wapo wawili wenye historia inayoeleweka. Wa kwanza ni Escherichia coli Nissle 1917. Daktari Mjerumani, Alfred Nissle, alimtoa kwa askari wa vita ya kwanza ya dunia ambaye hakuharisha wakati wenzake wanaharisha. Ndiyo, ni E. coli, jamii ileile mnayoiogopa, ila huyu si wa kuumiza. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 327 ambao kolaitisi yao ilikuwa imetulia: nusu wakapewa huyu, nusu wakapewa mesalazini, dawa ya kawaida ya kolaitisi, kwa miezi 12. Ugonjwa ulirudi kwa asilimia 36.4 ya waliomeza bakteria na asilimia 33.9 ya waliomeza mesalazini. Karibu sare. Zingatia lakini: hao walikuwa wametulia. Si watu waliokuwa wanatoka damu.

Wa pili si mmoja bali kundi la aina nane, mchanganyiko wa mtafiti De Simone, uliojulikana kwa jina la VSL#3. Majaribio yake kwenye kolaitisi yalitumia dozi kubwa sana, bilioni 3,600 kwa siku na zaidi. Linganisha na bilioni 10 au 20 za kopo la kawaida. Kwa mnaoagiza Marekani: tangu 2016 jina la VSL#3 kule linabeba mchanganyiko mwingine, na ule wa awali unauzwa kama Visbiome. Ukinunua kwa jina la zamani ukisoma utafiti wa zamani, umenunua kitu ambacho utafiti huo haukukipima.

Pamoja na hayo yote, chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani, AGA, mwaka 2020 kilipitia ushahidi kikasema kwa kolaitisi na Crohn probiotiki zitumike ndani ya majaribio ya kitabibu tu. Walichokikubali, tena kwa tahadhari, ni ule mchanganyiko wa aina nane kwa waliokatwa utumbo mpana na kutengenezewa mfuko wa ndani, mfuko huo ukivimba. Kwa Crohn, hadi sasa, sioni cha kutetea.

Fursa Kwa Wote

Mkuu unaharibu biashara za watu bila kujua. Mimi nina shuhuda za watu waliopona kabisa, wengine waliacha na dawa za hospitali. Seti yetu ina probiotiki, kurkumini (kiini cha manjano), omega-3 na kisafisha sumu, vinafanya kazi kwa pamoja. Anayehitaji anifuate inbox.

Binti Kitunda

Fursa, hiyo ya kuacha dawa za hospitali ndiyo iliyonilaza. Nina kolaitisi, imethibitishwa kwa kamera, niko kwenye sulfasalazini. Mwaka juzi nilikutana na mshauri wa seti kama wewe, akaniambia dawa za kemikali zinaua bakteria wazuri, nipumzishe kwanza. Nilirudi wodini nikiwa sina damu ya kutosha. Sitaji kampuni. Ila usiseme shuhuda mbele yangu.

Mleta uzi, swali langu: mimi naruhusiwa kuongeza nini juu ya sulfasalazini?

Mtu wa Dirishani

Pole sana dada yangu. Swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri.

Kwako kuna makundi mawili ya virutubisho na usiyachanganye kichwani. Kundi la kwanza linajaza pengo ambalo ugonjwa au dawa imelichimba. Hili halina ubishi sana. Sulfasalazini inazuia mwili kufyonza foliki asidi, kwa hiyo muulize daktari wako kama ulishaandikiwa foliki. Ukipewa prednisoloni kwa muda, kalsiamu na vitamini D huingia kwa ajili ya mifupa. Mwenye Crohn kwenye mwisho wa utumbo mwembamba, au aliyekatwa sehemu hiyo, hupungukiwa B12, kwa sababu inafyonzwa palepale. Anayeharisha kwa muda mrefu hupoteza zinki. Na damu yako ikishuka, vidonge vya chuma wakati utumbo umewaka mara nyingi vinasumbua tumbo na havifyonzwi vizuri, ndiyo maana wengine huwekewa chuma kwa mshipa. Vyote hivi hupimwa kwanza. Hakuna haja ya kumeza B12 kama damu yako inayo.

Kundi la pili linadai kuzima moto wenyewe. Humu ndimo makopo ya Fursa yamo. Nianze na lililonishangaza kwa wema: manjano. Japani, mwaka 2006, wagonjwa 89 ambao kolaitisi yao ilikuwa imetulia waliendelea na sulfasalazini au mesalazini, nusu wakaongezewa kurkumini gramu 2 kwa siku, nusu kidonge kisicho na kitu. Katika miezi sita, kati ya waliofuatiliwa, ugonjwa ulirudi kwa wawili kati ya 43 wa kurkumini na wanane kati ya 39 wa kidonge tupu. Idadi ndogo, lakini matokeo yanatia moyo. Umeona neno lililobeba mzigo hapo? Waliendelea na dawa.

Usikimbilie jikoni sasa. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu kwa uzito. Gramu 2 za kurkumini ni zaidi ya gramu 60 za unga, yaani vijiko vya chai kama ishirini kila siku. Pilau halifiki huko. Na zile kapsuli zilizoongezwa pilipili manga ili zifyonzwe zaidi zimehusishwa na watu kuumia ini. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, acha na ukapimwe.

Omega-3 kwa Crohn ilijaribiwa vizuri mara mbili, matokeo yakatoka 2008, gramu 4 kwa siku kwa zaidi ya mwaka. Haikuzuia ugonjwa kurudi. Kula samaki, Feri ipo, lakini usinunue kopo kwa matumaini hayo.

Kisafisha sumu sikijadili.

Mzee wa Kinyerezi

Kijana, umeandika vizuri. Lakini kichwa cha uzi kinasema probiotiki NA virutubisho. Kuna waliowahi kuviweka pamoja wakapima, au ni kila mtu na kopo lake?

Mtu wa Dirishani

Shikamoo mzee. Wapo.

Bakteria akifika kwenye utumbo anahitaji chakula. Chakula chake ni nyuzinyuzi ambazo sisi hatuzimeng'enyi. Akizichachusha anatoa asidi fupi, mojawapo inaitwa butireti, na seli za ukuta wa utumbo mpana huitumia hiyo kama nishati yao kuu. Kwa hiyo kuunganisha bakteria na nyuzinyuzi yake kuna mantiki kuliko kuunganisha bakteria na mafuta ya samaki.

Dundee, Uskochi, 2005: wagonjwa 18 wenye kolaitisi inayowaka, mwezi mmoja, Bifidobacterium longum pamoja na nyuzinyuzi iitwayo inulini. Viashiria vya kuvimba kwenye vipande vya utumbo vilishuka. Kumi na nane ni wachache mno, tuseme ukweli. Japani, 2009: wagonjwa 120 wa kolaitisi waligawanywa makundi matatu, bakteria peke yake, isapgol peke yake, au vyote viwili. Baada ya wiki nne, waliopata vyote viwili ndio walioonekana kupata nafuu pana zaidi katika maisha ya kila siku, na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha kuvimba, kilishuka kwao tu. Isapgol si kitu kigeni, ni maganda ya mbegu za Plantago ovata, maduka ya Kihindi ya Kisutu yanayo. Tahadhari moja: mwenye Crohn aliyeambiwa utumbo umebana mahali asiguse isapgol, inavimba na inaweza kuziba. Na maji mengi kwa kila mtu.

Ndizi mbichi za kuchemsha, wali au viazi vilivyopoa, vina wanga unaofika utumbo mpana bila kumeng'enywa, nao unaliwa na bakteria hao hao. Bangladesh waliwapa ndizi mbichi zilizopikwa watoto wanaoharisha kwa muda mrefu na zikasaidia. Sidai ndizi inatibu kolaitisi. Nasema tu kwamba kabla ya inulini ya kuagiza kuna mkungu sokoni Mabibo.

mama_wawili

Naomba niulize kuhusu mtoto. Mwanangu mdogo ana miezi minane, kliniki walinipa vifuko vya virutubisho vyenye madini ya chuma vya kuweka kwenye uji. Tangu nianze choo kimekuwa laini. Niache? Au nimuongezee hizo probiotiki?

Mtu wa Dirishani

Dada, usiache kimyakimya, rudi kliniki uwaeleze. Upungufu wa damu kwa mtoto wa umri huo ni jambo zito.

Lakini umegusa kitu ambacho kimepimwa jirani tu hapa, pwani ya kusini ya Kenya. Watoto wachanga walipewa uji wa mahindi wenye vifuko vya namna hiyo. Utafiti uliochapishwa 2015 ukaonyesha chuma kiliongeza bakteria wabaya kwenye utumbo na kipimo cha kuvimba, kalprotektini, kikapanda. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya chuma haifyonzwi, inateremka chini, na bakteria kama E. coli wa kuharisha wanakipenda. Mwaka 2017 wakachapisha jaribio lililofuata: chuma miligramu 5, pamoja na nyuzinyuzi iitwayo GOS gramu 7.5. Madhara hayo kwa bakteria yakapungua sana. Hapo ndipo kuchanganya kulipoonyesha maana yake, na aliyeongezwa hakuwa bakteria, alikuwa chakula cha bakteria ambao mtoto anao tayari.

Upande mwingine, Malawi, 2009, watoto 795 wenye utapiamlo mkali waliwekewa mchanganyiko wa bakteria na nyuzinyuzi kwenye chakula dawa. Waliopona hawakuongezeka kwa kiwango cha kuhesabika. Kwa hiyo usimnunulie kopo.

Akianza kuharisha hasa: ORS, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (chini ya miezi sita ni 10). Kukiwa na damu, homa, au amelegea, hospitali siku hiyohiyo.

Msukuma wa Igoma

Niko Dar kikazi ila nyumbani Mwanza. Mbona hamjataja mtindi wa Fiti? Kina mama wa kwetu wanautengeneza miaka mingi, wazungu wa Kanada ndio walileta mbegu.

Mtu wa Dirishani

Asante mkuu, hii ilikuwa inanitoka. Ni kweli, chuo kikuu cha Western cha Ontario na kina mama wa Mwanza, na bakteria ndani yake ndiye yule GR-1 niliyemtaja juu. Tena kuna utafiti unaokwenda na mada yetu moja kwa moja: watu wenye VVU ambao hawakuwa wameanza ARV walipewa mtindi uliotiwa vitamini na madini, wengine huohuo ukiwa na GR-1 ndani. Matokeo yalichapishwa 2011. CD4, chembe za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, hazikutofautiana kati ya makundi. Mtindi ni chakula kizuri, ulete protini na kalsiamu, na kikundi kipate kipato. Usipewe kazi ya dawa.

Kuhusu togwa, najua mtauliza: watafiti wa hapa nchini walichapisha 1999 kwamba watoto waliokunywa togwa kila siku walipungukiwa na bakteria wa kuharisha kwenye choo. Bibi zetu hawakuwa wajinga. Ila hiyo ni kuzuia maambukizi, si kutibu kolaitisi.

Fursa Kwa Wote

Sawa daktari wa mtandaoni. Angalau kubali probiotiki hazina madhara. Ni asili.

Mtu wa Dirishani

Sikubali. Uholanzi, 2008, wagonjwa 298 waliolazwa kwa kongosho iliyovimba vibaya, nusu wakapewa mchanganyiko wa bakteria kwa mrija. Walikufa asilimia 16, na upande wa pili asilimia 6. Hao walikuwa mahututi, sisemi anayekunywa mtindi atakufa. Lakini Saccharomyces boulardii, ambayo ni hamira na si bakteria, imewahi kuingia kwenye damu ya wagonjwa waliowekewa mrija mkubwa wa mshipa. Anayemeza azathioprini (nayo inashusha kinga), prednisoloni dozi kubwa, au aliye na kinga dhaifu, asiweke kiumbe hai mdomoni bila daktari wake kujua.

Binti Kitunda

Mkuu, la mwisho. Daktari kakubali nijaribu, kwa sharti sulfasalazini ibaki. Nyumbani umeme unakatika na joto la hapa mnalijua. Nitunzeje? Na nianze vyote kwa pamoja?

Mtu wa Dirishani

Soma kopo. Zinazotaka friji zinataka friji tangu kiwandani, kwa hiyo ukimkuta muuzaji kaianika rafu ya juu Kariakoo, pita. Boulardii kavu na zile za mbegu za Bacillus huvumilia joto zaidi. Zisiingie kwenye uji wa moto wala chai. Mtindi wa kukaa rafuni miezi bila friji mara nyingi umepashwa moto baada ya kuganda, walio ndani wamekufa. Ukiandikiwa antibiotiki, acha angalau saa mbili kati yake na bakteria. Boulardii antibiotiki hazimuui, lakini flukonazo, dawa ya fangasi, inamuua.

Usianze pamoja. Kimoja, wiki nne, andika kwenye daftari mara ulizokwenda chooni, damu ipo au haipo, na usiku uliamka au la. Ndipo uongeze cha pili. Ukivianza vyote ukavimba tumbo kwa gesi hutajua nani kakufanyia, na inulini ni fundi wa gesi.

Kabla ya kuanza na baada ya hizo wiki, omba kalprotektini ya choo. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya choo, utumbo kwa kawaida umetulia. Maabara kubwa za mjini wanapima, ulizia bei kwanza. Na wiki mbili kabla ya kupeleka choo usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, zinapandisha kipimo, na kwa kolaitisi yako ni bora usizizoee kabisa. Mgongo ukiuma, parasetamo.

nguli_wa_supu

Mkuu, na mimi nipime? Nasokotwa kila nikitoka kwa mama ntilie wa Buguruni.

Mtu wa Dirishani

Badilisha mama ntilie wiki mbili, halafu urudi hapa utuambie.